Mto Haungoji Julai: Hotuba Kuhusu Kilimo, Chakula na Usalama wa Wavuvi Katika Bonde la Rufiji

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji wa kata na vijiji, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi), wazee wetu na mama zetu mliotoka bondeni na deltani, asanteni kwa kutupa nafasi.

Tumeombwa tuzungumzie sera. Tutazungumzia zaidi tarehe, kwa sababu sera nyingi zinazogusa bonde hili ni nzuri zikisomwa, lakini zinafika wakati maji yameshapita.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mwaka wa mto unaanza Novemba au Desemba, mvua zinaposhika milima ya Udzungwa na nyanda za Njombe. Maji hupanda huku kwetu kati ya Machi na Mei, kisha huanza kushuka mwishoni mwa Mei, na mkulima wa mlau huyafuata nyuma, akipanda kila kipande kinachoachwa wazi. Mbegu anaihitaji Mei na Juni. Hiyo ndiyo miezi ambayo halmashauri inafunga hesabu, fedha za mwaka unaokwisha zimebaki kidogo na za mwaka mpya hazijaingia. Ruzuku za pembejeo zimepangwa kwa mkulima anayesubiri mvua. Zikitufikia Oktoba, mahindi ya mlau yako kwenye kuvunwa, na mkulima anapewa mbegu ya kuweka ndani hadi panya waimalize.

Haya si malalamiko dhidi ya mtu yeyote. Ni kalenda mbili zisizosomana, na kazi ya kikao hiki ni kuzisomanisha.

Tuanze na maji yenyewe. Bonde la Rufiji lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Zaidi ya nusu ya maji yanayofika hapa yanatoka Kilombero. Yanayobaki yanatoka Luwegu, Ruaha Mkuu na vijito vidogo. Ndiyo maana anga la Ikwiriri linaweza kuwa jeupe wiki nzima na mto ukaendelea kupanda. Anayetazama mawingu ya juu ya kichwa chake ili ajue mafuriko anatazama mahali pasipo na habari. Habari iko kwenye vipimo vya Kilombero na, tangu 22 Desemba 2022, kwenye Bwawa la Julius Nyerere, siku lilipoanza kujazwa.

Bwawa hili linasemwa kwa namna mbili, na zote zina kasoro. Wapo wanaosema limemaliza mafuriko. Wapo wanaosema ndilo linaloyaleta. Linaloamua ni nafasi iliyobaki ndani yake siku maji mengi yanapoingia. Likiwa na nafasi, linameza kilele cha mafuriko na kukitoa polepole. Likiwa limejaa, kila lita inayoingia lazima itoke, ama kupitia mitambo ama kupitia milango ya kumwagia maji, kwa sababu hakuna mhandisi anayeweza kuacha maji yapande juu ya tuta. Anayezalisha umeme anataka bwawa lijae, maana kina kikubwa ni umeme mwingi: mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Anayeishi Utete au Mohoro anataka ifikapo mwisho wa Februari pawe na nafasi ya kutosha kupokea masika. Haja zote mbili ni halali. Zinakutana kwenye hati moja, yaani kanuni za kuendesha bwawa, na kanuni hizo zinapaswa kusema wazi kwamba kufikia tarehe fulani kabla ya masika maji yawe chini ya kiwango fulani. Tunawaomba madiwani muulize swali hilo kwa maandishi kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyoko Iringa na kwa wenye bwawa: tarehe gani, kiwango gani, na nani anatoa idhini ya kukivuka.

Jambo la pili tunalopaswa kulipata kutoka bwawani ni taarifa inayoeleweka kijijini. Kutoka bwawani hadi Utete ni takribani kilomita 100 za mto unaopinda na kutawanyika kwenye tambarare. Maji hayafiki saa hiyohiyo. Muda huo wa safari ni mali; ukitumika vizuri unatosha kuhamisha chakula, mbuzi na watoto. Lakini tangazo la kwamba milango imefunguliwa na zinatoka mita za ujazo kadhaa kwa sekunde halimwambii mama wa bondeni afanye nini. Anachohitaji ni kujua maji yatafika wapi kwenye nguzo anayoijua. Kwa hiyo kila kijiji cha bondeni kisimike nguzo moja ya zege au chuma kando ya maji, iwe na alama kila sentimita 10, na mistari mitatu ya rangi: njano pale mashamba ya chini yanapoanza kuingia maji, chungwa pale njia ya kutokea inapokatika, nyekundu pale maji yanapofika kwenye makazi. Rangi hizo ndizo Mamlaka ya Hali ya Hewa inazotumia kwa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kwa hiyo hatuongezi lugha nyingine. Kijana mmoja anayelipwa posho ndogo asome nguzo saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, aandike, atume ujumbe. Baada ya misimu miwili mitatu tutakuwa na jedwali letu: bwawa likitoa kiasi hiki, nguzo ya kijiji hiki hupanda kiasi hiki baada ya saa kadhaa. Bila nguzo, jedwali hilo halitapatikana hata tukinunua mitambo ya gharama gani.

Mstari wa chungwa ndio muhimu kuliko yote, na ndio unaosahaulika. Watu wengi hungoja maji yafike mlangoni ndipo waondoke, kumbe njia ya nyuma ya nyumba, iliyo chini zaidi, imeshakatika tangu jana. Wanabaki kwenye kisiwa. Hapo uokoaji unahitaji boti, na boti ndani ya maji yanayokimbia yenye magogo, viboko na mamba ni hatari kwa anayeokolewa na anayeokoa.

Waheshimiwa, kuna historia ambayo sera zetu bado zinaibeba. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya juu. Makazi yalihama, mashamba yakabaki chini, kwa sababu rutuba haikuhama. Tangu hapo familia nyingi zina nyumba juu na dungu bondeni, ambako mtu hukaa miezi akilinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Kwenye daftari la kijiji mtu huyo anaonekana yuko salama mlimani. Aprili 2024 mafuriko yalipozikumba Rufiji na Kibiti, swali la kwanza lilikuwa nani yuko wapi. Tarehe 25 Aprili mwaka huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua na mafuriko ya msimu ule. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati hiyo ikiwa na kazi moja tu ya kufanya kila Februari, iwe hii: kuorodhesha madungu, nani analala humo, wangapi ni watoto, na mtumbwi wa karibu ni wa nani. Ukurasa mmoja wa daftari kwa kila kitongoji unatosha.

Na kabla hatujaondoka kwenye mashamba ya chini, tuseme juu ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunaiunga mkono. Kingo zikifyekwa mto unatanuka, na Rufiji unajulikana kwa kuhama njia yake. Lakini mahindi yanayopandwa juu ya tope la mafuriko bila kulima na kuvunwa kabla ya maji kurudi si sawa na nyumba, shimo la mchanga au shamba la kudumu lililochimbwa mifereji. Palipo na mkanganyiko, mgambo wanafyeka mahindi ya mjane huku tanuri la matofali likiendelea kuwaka jirani. Halmashauri iombe mwongozo wa maandishi unaotenganisha kilimo cha kufuata maji na shughuli za kudumu, na wakulima nao waache ukanda wa matete na miti ukingoni bila kuugusa.

Sasa mlau, maana hapa ndipo fedha kidogo inaleta chakula kingi.

Mahindi hupandwa maji yakishuka, lakini si siku yanaposhuka. Chukua udongo wa kina cha kidole, uufinye: ukitoa maji kati ya vidole, mbegu itaoza, ukishikamana bila kudondosha maji, panda. Ukichelewa wiki mbili zaidi, tabaka la juu linakauka na kupasuka, na mche unaota bila kuufikia unyevu. Mbegu iende chini sentimita 5 hadi 8, zaidi ya ile inayopandwa kwa mvua, kwa sababu inafuata unyevu uliobaki na hakuna wa kuirudishia. Nafasi ya sentimita 90 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, inahitaji takribani kilo 10 kwa ekari. Aina zinazofaa ni zile za ukanda wa chini zinazostahimili ugonjwa wa milia na kukomaa mapema, kama Staha, TMV-1 na Situka M1. Aina za nyanda za juu zinazokaa shambani miezi mitano au sita hazina nafasi hapa: unyevu utaisha zikiwa kwenye mbelewele. Kwenye vipande vilivyokauka haraka, choroko na kunde ni chaguo bora kuliko mahindi. Choroko huvunwa kwa siku 60 hadi 75. Na kwa kuwa mahindi ya mlau ndiyo ya kijani wakati pande zote zimekauka, viwavijeshi vamizi huyakimbilia. Shamba likaguliwe mara mbili kwa wiki, mimea 20 katika sehemu tano, kuangalia ndani ya moyo wa mmea, tangu majani matatu. Kiwavi akishaingia ndani na kujiziba kwa kinyesi chake, dawa haimfikii.

Bwawa limebadilisha mlau pia, na wataalamu wa ugani waliseme hili bila kuficha. Mafuriko madogo ya kila mwaka yakimezwa bwawani, mashamba ya juu ya bonde hayaloweshwi kama zamani. Mitambo ikiendelea kutoa maji kiangazi, baadhi ya mashamba ya chini kabisa yanaweza kubaki na maji wakati yalipozoea kuwa makavu. Na tope lenye rutuba linatua ndani ya bwawa. Kwa hiyo ramani ya zamani ya kichwani, kwamba shamba la babu hupandwa wiki hii, inahitaji kuhakikishwa upya kila mwaka kwa nguzo ya maji.

Hesabu ya mbegu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kijiji cha kaya 400 zenye ekari moja moja kinahitaji kilo 4,000, yaani tani 4, mzigo wa lori moja dogo. Kinachoshinda ni muda. Manunuzi yanapitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, yana siku zake za kutangaza na kutathmini, na barabara za masika hazipitiki. Mbegu ya kupandwa Juni inunuliwe katika robo ya pili, Oktoba hadi Desemba, na ifike kwenye ghala la kata kabla ya mwisho wa Februari. Ikae juu ya chaga, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Mapema Mei ijaribiwe: mbegu 100 ndani ya kitambaa kilicholowa, siku 5 hadi 7. Zikiota 85 au zaidi, gawa. Zikiota 70 hadi 84, ongeza idadi kwa shimo. Chini ya hapo irudishwe kwa muuzaji kwa mujibu wa mkataba, na mkataba uwe umeandika haki hiyo. Tusimpe mkulima aliyepoteza kila kitu mbegu isiyoota. Ekari yake haitapata mafuriko mengine mwaka huo.

Juu ya mpunga tutasema machache. Mbegu ya TXD 306, ambayo wengi mnaiita SARO 5, ni mbegu nzuri penye maji yanayoongozwa. Ni fupi. Ukiipeleka kwenye mabonde ya kina, maji ya Aprili yanaifunika kabisa, na mpunga wa kawaida uliofunikwa juu hadi chini kwa wiki moja hadi mbili hauponi. Mbegu ndefu za wenyeji hurefuka maji yakipanda polepole, ndiyo maana wazee walizishika. Ugawaji wa mbegu ufuate kina cha shamba. Idadi ya tani zilizogawiwa ni kipimo cha ghala, haiwaambii wananchi kama watavuna.

Tuje kwenye chakula kilichokwisha kuvunwa, kwa sababu mafuriko huleta njaa mara mbili: shambani na kihengeni. Gunia la katani au la plastiki likiloweshwa na maji ya mto limechukua kila kilichokuwa kwenye maji hayo, vyoo vikiwemo. Kulianika na kulichanganya na mengine ni kuharibu yote. Mahindi yaliyolowa na kukaa siku kadhaa kwenye joto letu huota ukungu unaotengeneza sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika ugali wala kwa kukoboa peke yake. Mwaka 2016 watu walifariki kwa sumukuvu mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi hayo wasipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa; sumu hurudi kwa mlaji. Yafukiwe.

Kinga ni kukausha na kufunga. Kipimo cha kisheria cha unyevu wa mahindi ni asilimia 13.5. Asiye na mashine atumie chumvi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kiasi cha kijiko kikubwa kimoja, mahindi nusu ya chupa, tikisa dakika tatu, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata bado usifunge siku hiyo. Yaanike siku moja au mbili zaidi, juu ya turubai na si juu ya udongo, kwa sababu chumvi inakuhakikishia 15 tu. Kisha mfuko wa PICS: mifuko miwili ya nailoni ndani na mmoja wa nje. Jaza, toa hewa kwa kushindilia, sokota mdomo wa mfuko wa kwanza, ukunje, ufunge. Fanya hivyo kwa wa pili, ndipo ufunge wa nje. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, bila dawa. Kosa linaloharibu ni kufungua kila siku kuchota. Weka mfuko mmoja wa kula, mingine iachwe.

Kwa kaya ya watu sita, nusu kilo ya unga kwa mtu kwa siku, siku 90 ni kilo 270: mifuko mitatu ya kilo 100. Mifuko hiyo mitatu ikipandishwa kijiji cha juu kabla ya Machi, kaya hiyo haitasubiri gari la msaada kwenye barabara iliyokatika. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Kilwa na Lindi ilikatika eneo la Somanga na kusini yake, malori yakalala njiani. Chakula kilichokuwa upande wa pili kilikuwepo nchini. Hakikuweza kufika.

Biashara ya chakula iko hapohapo. Wakati wa upungufu, kishawishi cha ngazi zote ni kuweka kizuizi ili mahindi yasitoke. Kizuizi kikikaa getini, anayeumia kwanza ni mnunuzi wa hapa, kwa sababu mfanyabiashara wa Ruvuma au Rukwa haleti mzigo mahali asipojua kama atatoka na gari lake. Njia inayofanya kazi ni kuongeza chakula sokoni, kama NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ilivyofanya 2022/2023 ilipopeleka mahindi kwenye halmashauri yauzwe kwa bei nafuu. Maombi ya mahindi hayo yanahitaji takwimu za bei. Bei ya kilo moja iandikwe kila wiki katika masoko ya Ikwiriri, Utete na Kibiti, na barua iende bei inapoanza kupanda Februari, si Mei.

Yapo mawili mengine ya sokoni ambayo wakulima hawaambiwi. Tangu 2017, mzigo wa mazao usiofika tani moja unaohamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao: magunia tisa ya kilo 100 ni kilo 900. Maneno hayo yabandikwe kwenye kila geti. Na lumbesa ni kosa kisheria. Mazao ya shamba yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Mama anayeuza kwa gunia lililoshonewa kichwa anapoteza debe moja au zaidi kila gunia. Mizani moja iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ikikaa kwenye ofisi ya kijiji msimu wa mavuno, inamlinda kuliko mkutano wa hadhara.

Kuhusu ubora, tukumbuke tarehe 5 Machi 2021. Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti: wafanyabiashara wasajiliwe, kila mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ijulikane ulikotoka. Malori machache yenye nafaka chafu yaliwagharimu wakulima wasafi wa nchi nzima. Mahindi yaliyolowa huku yakinunuliwa kwa bei ya kutupa na kuchanganywa njiani, ndiyo hayohayo.

Ndugu wavuvi, tumewaacha mwisho kwa sababu yenu yanahitaji muda.

Mvua na maji ya mto ndiyo yanayoleta kambamiti deltani, na msimu wao mzuri ni huohuo wa Machi hadi Mei. Katika dirisha hilohilo pwani yetu ndipo ilipotishwa na vimbunga vya karibuni: Kenneth Aprili 2019, Jobo Aprili 2021, Hidaya Mei 2024 kilichofika Mafia tarehe 4. Hata kile cha Lindi cha 1952 kilikuwa Aprili. Kwa hiyo mvuvi anaingia majini kwa wingi wakati maji ni mabaya kuliko yote, na mkulima aliyepoteza shamba naye anaazima mtumbwi, hajui kuogelea, hajui maji ya chumvi. Katazo la jumla la miezi mitatu halitatiiwa na tusilitunge. Tunga katazo la siku: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu kwa pwani ya mkoa wa Pwani na Mafia, BMU ipandishe bendera nyekundu diko lote, yaani mahali pa kuegesha vyombo vya uvuvi, na hakuna chombo kinachotoka, ikiwa ni angalizo la njano, upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mitumbwi na ngalawa zibaki ndani ya mikoko, kwa boti zenye injini mbili au tanga la akiba aamue nahodha.

Hatari kubwa ya deltani iko mdomoni mwa mto. Maji ya mafuriko yakitoka pamoja na maji kupwa, yakikutana na upepo wa bahari, mawimbi yanasimama wima na kuvunjika juu ya fungu la mchanga. Fungu lenyewe huhama kila masika. Nahodha aliyepita salama Januari anaweza kugonga palepale Aprili. Pita mdomoni maji yakijaa au yakiwa yametulia juu, kamwe yasiwe yakipwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mkondo ni mkali zaidi, na siku hizo ndipo vitongoji vya delta vinapofurika hata kama mto haujaongezeka, kwa sababu bahari inayazuia maji yasitoke. Usiku mafuriko yakiwa juu msipite kabisa. Gogo lililolowa huelea usawa wa maji na taa hailioni.

Jaketi okozi. Tatizo si kwamba halipo. Lipo, chini ya nyavu, au linakaliwa kama mto wa kiti hadi povu lake limebonyea. Mvuvi analivua kwa sababu linabana mikono anapovuta wavu na linachoma kwa joto. Basi tuseme ukweli wa vipimo vya nguvu ya kuelea, vinavyohesabiwa kwa niutoni: jaketi la niutoni 150 ni la baharini, la 100 linafaa ndani ya mito na mikondo iliyotulia, na kizibao cha niutoni 50 kinavalika ukifanya kazi lakini ni kwa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Tunashauri kizibao kivaliwe muda wote wa kazi ndani ya delta, na jaketi la 150 livaliwe kabla ya kuvuka mdomo wa mto, kila mtu, abiria wa Nyamisati kwenda Mafia wakiwemo. Mara moja kwa mwaka livaliwe ndani ya maji yenye kina cha kifua; likishindwa kukuinua mdomo juu ya maji, ni nguo tu.

Boti ya mbao yenye injini ikijaa maji haizami yote, lakini injini huvuta tezi (nyuma ya boti) chini na omo (mbele) hubaki juu, haina pa kushika. Madumu sita ya lita 20, matupu, yaliyofungwa vizuri na kufungwa kwa kamba chini ya mabao, matatu omo na matatu tezi, yanaongeza mwinuko wa takribani kilo 120. Hiyo inatosha kuiweka boti usawani ili watu wanne wajishikize hadi asubuhi. Na wajishikize: wengi hufa wakiiacha boti kufuata mikoko inayoonekana karibu. Mafuta yagawanywe mafungu matatu, la kwendea, la kurudia na la dharura. Plagi ya akiba, pini ya propela, kopo la kukumbia maji, simu ndani ya mfuko usioingiza maji.

Na daftari la diko. Majina, idadi, mnakokwenda, saa ya kurudi, namba ya simu ya nyumbani. Chombo kikichelewa kwa muda wa saa sita, katibu wa BMU anapiga simu polisi na kituo cha kuratibu uokoaji baharini cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kilichoko Dar es Salaam, bila kusubiri ruhusa ya mwenye boti. Leseni za vyombo vilivyo chini ya mita 11 zinatolewa na halmashauri hii hii. Msitoe leseni ya mwaka bila kuona majaketi yakiwa yamevaliwa na wafanyakazi wa chombo, mbele ya ofisa, na madumu yakiwa yamefungwa.

Fedha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inakopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne, nne na mbili. Kikundi cha wanawake kinaweza kukopa kununua mifuko ya PICS na mashine ya kupima unyevu na kuvikodisha. Kikundi cha vijana wavuvi kinaweza kukopa majaketi na madumu. Nguzo za maji ni saruji, nondo na rangi, zinaingia kwenye fedha za kawaida za kijiji. Hakuna hata kimoja katika haya kinachosubiri mfadhili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba mambo manne yaingie kwenye muhtasari wa leo: barua ya kiwango cha bwawa kabla ya masika, iende mwezi huu, mbegu ya mlau iwekwe kwenye mpango wa manunuzi wa robo ya pili, kila kijiji cha bondeni kisimike nguzo yake kabla ya mwisho wa Januari, na sharti la jaketi na madumu lianze na leseni zinazofuata. Maofisa wa kilimo, maji na uvuvi wako hapa ukumbini. Tuko tayari kwa maswali, na tungependa tuanze na watendaji wa vijiji vya delta, kwa sababu boti yao inaondoka maji yakijaa.